Balozi wa Kamembe na Mchele wa Maisara

Eulalie wa Bagira hakupewa ubalozi kwa sababu ya upole. Alipewa kwa sababu alikuwa anaweza kubishana bei mpaka mwenye mali mwenyewe akaanza kuona haya kwa kile alichokitaja mwanzoni. Siku ya kumchagua, wamama wa Tusaidiane walisema hivyo hivyo, bila kuzunguka: "Kule ngambo tunatafuta mutu mwenye hadanganywi."

Tusaidiane ni chama cha wamama wa Bukavu wanaovuka daraja la Ruzizi kila asubuhi, jeton ya kuvukia mkononi, kwenda Kamembe upande wa Rwanda. Wanapeleka sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa, vitenge na mafuta ya mawese, wanarudi na vitunguu, mayai na mchele. Wenzao wa Kamembe nao wana chama chao, Abahuje. Wakubwa wa nchi wakinuniana, vyama hivi viwili vinaendelea kuuziana nyanya. Lakini urafiki wa namna hiyo hauendi wenyewe, lazima mtu aubebe. Ndiyo maana kila chama kina balozi wake kwa mwenzake.

Wa kwanza alikuwa Maman Séraphine, zamani, wakati mizigo ya samaki ilipoozea kwenye forodha na kila upande ukasema ni kosa la mwingine. Kwa majuma matatu hakuna aliyemsalimia mwenzake. Séraphine alivuka siku moja mikono mitupu, akakaa mbele ya mlango wa mama mkubwa wa Abahuje, hakuomba maji wala kiti. Siku ya pili akarudi, akakaa. Siku ya tatu mama mkubwa akatoka: "Wewe unataka nini hapa?" Séraphine akamjibu, "Nataka tugombane vizuri, kila mutu aseme yake." Wakagombana mpaka mchana, wakamaliza, wakala.

Toka siku hiyo kazi ikapata desturi zake. Balozi anapeleka kitenge cha chama kwenye ndoa za kule, anakaa matangani siku ya kwanza na ya mwisho, anakuwa shahidi watu wakikosana juu ya mzigo. Habari ya kifo anaipeleka yeye kwa miguu yake. Hilo lilianza baada ya mama mmoja kuambiwa kwa simu kwamba mume wake amefunikwa na shimo la dhahabu kule Kamituga. Alikuwa katikati ya daraja, akaanguka, akavunja nyonga. Na kuna desturi moja ambayo Séraphine aliishika kuliko zote: siku ya ujumbe, balozi hachuuzi. Hata kitunguu kimoja cha kupikia nyumbani hakinunui.

Eulalie aliiona hiyo ya mwisho kama hasara ya bure. Mtu amelipa jeton, amepanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Kamembe, halafu arudi mikono mitupu kama mtalii? Lakini kwa miaka minne aliishika, maana watu walikuwa wanaangalia.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tano. Saa tatu asubuhi alikuwa anafunga mzigo wake kwenye kibanda karibu na daraja wakati Muzee Sumaili alipokuja. Sumaili ni fundi saa, Muislamu, familia yake imetoka Uvira. Wanakaa nyumba ya zamani Nguba, karibu na ziwa. Dada yake mkubwa, Maisara, ndiye mwenye depo ya mchele Kamembe, ameolewa kule, na ni mwanachama wa Abahuje tangu mwanzo. Eulalie alikuwa akinunua mchele kwake kwa miaka kumi na moja.

Sumaili hakukaa. "Maman balozi, Mama ametutoka alfajiri. Maisara bado hajui. Unajua iko na tension, damu yake inapanda, hatutaki aisikie kwa simu. Umulete haraka."

"Pole sana, papa. Ninaenda sasa hivi."

"Haraka, maman."

"Ndiyo, haraka."

Neno hilo alilisikia kama linavyosemwa na kila mtu mwenye msiba. Kwao Bagira, mtu akifa, mwili unapelekwa morgue ya hospitali, watu wanangoja ndugu wa Kamituga na wa Bujumbura, wanatafuta mahema na viti, padri anaulizwa ana nafasi siku gani. Siku tatu, siku nne. Kila mtu anasema haraka na hakuna kinachokwenda haraka. Aliwahi kusikia kwamba Waislamu wanazika upesi, lakini upesi katika kichwa cha Eulalie ilikuwa kesho yake.

Na kesho yake alikuwa na jambo. Hoteli moja ya Nguba ilikuwa na harusi mbili Jumamosi, na mpishi wake mkubwa alikuwa amemwahidi Eulalie kazi ya mchele, kama Ijumaa ataleta ule mkavu wa Bugarama wa mavuno yaliyopita, si huu mpya unaogeuka uji. Kamembe nzima, mchele huo ulibaki kwa Maisara peke yake. Mara Maisara atakapoambiwa, depo itafungwa, na msiba ukianza itafungwa juma zima. Eulalie alipiga hesabu hiyo akiwa amesimama pale pale, kabla Sumaili hajapotea kwenye kona. Haikumchukua muda. Halafu akakunja magunia kumi na mawili matupu, akayafunga chini ya kitenge chake, akavuka.

Saa nne alikuwa mlangoni kwa Maisara.

Maisara alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kukaa juu ya gunia kama wengine wanavyokaa juu ya kiti cha enzi. Alimwona Eulalie, akaona na kitambi kilichoota ghafla chini ya kitenge.

"Balozi, hiyo mimba ni ya mwezi ngapi?"

"Ni ya magunia kumi na mbili."

"Mimi nilidhani umeniletea salamu."

"Salamu iko," alisema Eulalie. "Kwanza unionyeshe muchele."

Hapo ndipo ilipoanzia. Baadaye, akijaribu kujitetea usiku na mchana ndani ya kichwa chake, hakuna mahali alipoweza kupita bila kukanyaga maneno hayo. Hakusahau, na hakuna mtu aliyemchelewesha. Alisema *kwanza*.

Maisara akafungua gunia. Eulalie akachota kiganja, akapuliza, akauma punje tatu.

"Uko na maji huu."

"Huo? Huo mkavu kuliko moyo wako."

"Mimi silipi maji, Maisara. Maji iko bure mu ziwa."

"Basi shuka ukanunue ziwa, ulitie kwenye magunia yako."

Wasichana wawili wanaopepeta mchele pembeni wakacheka. Eulalie akacheka. Akaomba gunia lingine, halafu lingine. Alikuwa anachagua moja moja, anaingiza mkono mpaka chini kabisa kuangalia kama mpya umefichwa kati, ananusa, anakataa, anarudia lile alilolikataa. Ile ilikuwa kazi yake na aliifanya vizuri. Kulikuwa na nyakati, tena si fupi, ambapo alisahau kabisa kwamba amebeba kitu kingine. Hilo nalo lilimwuma baadaye zaidi ya mengi: kwamba alifurahi.

Kwenye saa tano Maisara alinyanyuka, akaleta kibuyu cha maziwa ya kuganda kilichofungwa kitambaa.

"Ukirudi umpelekee Mama yangu. Ya kwenu hayapendi, anasema mnayatia maji. Mwambie Jumapili nakuja mwenyewe, nimsuke."

Eulalie alikitazama kile kibuyu. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Habari ilikuwa juu ya ulimi, ilibaki kuiachia. Lakini magunia yaliyokuwa yamejaa yalikuwa saba.

"Weka pale kwanza," alisema. "Hii ya nane unaniwekea bei gani?"

Walimaliza saa saba kasoro. Wabebaji wakachukua magunia wakatangulia darajani. Eulalie akakung'uta vumbi la mchele mikononi, akakaa chini mbele ya Maisara, na hapo akageuka balozi. Sauti yenyewe ilibadilika.

"Maisara. Mama amepumzika."

"Amepumzika namna gani?"

"Amepumzika kabisa. Sumaili njo amenituma."

Maisara hakulia. Alitazama nje, mahali jua lilipokuwa limefika kwenye ukuta wa duka la mbele.

"Lini?"

"Leo alfajiri."

"Na sasa saa ngapi?"

"Inakaribia saa saba."

Maisara alichukua mtandio, akatoka bila kufunga depo, bila viatu vya safari, akasimamisha moto. Eulalie alimfuata na moto ya nyuma akidhani ni machungu ndiyo yanamkimbiza. Darajani kulikuwa na mstari mrefu. Maisara alimshika ofisa mkono, akamwambia, "Baba, nina maiti ya mama yangu, wananingoja nimwoshe," na hapo tu, kwa mara ya kwanza, Eulalie akaelewa kwamba kuna saa fulani, na kwamba saa hiyo ilikuwa inapita wakati yeye anauma punje.

Walifika Nguba inakaribia saa tisa. Wanaume walikuwa wamekaa barazani, udongo mwekundu bado uko kwenye miguu yao. Walikuwa wametoka makaburini.

Sumaili alisimama. "Tulikungoja mpaka saa saba. Mama alisema wewe njo utamumwangia maji. Tulingoja, Maisara. Shehe akasema basi." Kisha akamgeukia Eulalie. "Maman balozi, ilikuwa nini? Mupaka?"

Neno lilikuwa limewekwa mbele yake kama kiti: mpaka. Angeweza kulikalia. Kabla hajachagua, Maisara akajibu mwenyewe, sauti imekauka.

"Msimwulize huyu. Alinikuta katikati ya kazi, akaogopa tension yangu. Alikaa na mimi, akajifanya mnunuzi, akanichekesha, akaniacha nimalize, ndipo akaniambia pole pole. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi."

"Kazi," Sumaili alisema.

Maisara aliingia ndani kwa wanawake, na Eulalie akabaki barazani na wema wote aliopewa.

Mchele uliuzika vizuri, ndiyo shida yake. Mpishi wa hoteli alimsifu, akamwagiza mwingine. Kama ungeoza, au ungenyeshewa darajani, Eulalie angeweza kusema amekwisha kuadhibiwa, akaendelea na maisha. Lakini kila kitu kilikwenda kama alivyopanga.

Alijaribu kulipa kwa njia anazozijua. Siku ya arobaini alipeleka kitenge cha bei ambayo hakuwahi kumnunulia hata binti yake, na sukari, na mafuta. Maisara alilia, akamkumbatia mbele ya wote. Kisha Eulalie akaacha kubishana bei. Maisara akitaja, Eulalie analipa. Mara ya kwanza Maisara alidhani ni utani. Mara ya tatu akamshika paji la uso.

"Uko mgonjwa wewe? Nimekutajia bei ya mzungu, unatoa tu."

"Nimechoka na makelele."

"Wewe? Siku utakapochoka na makelele tutakuwa tunakuzika."

Wasichana wa kupepeta wakacheka, na Eulalie akahesabu magunia yake akitazama chini.

Kumbe kule Kamembe hadithi ilikuwa inakua. Wamama wa Abahuje walikuwa wanaambiana: balozi wa Bukavu ana akili, hakumtupia mtu msiba usoni, alikaa naye kwanza. Mwezi wa nane, walipokuwa na kifo cha upande wao, balozi wao alikuja Bukavu akamkalisha mfiwa nusu saa, akamwongelesha habari za vitunguu, ndipo akasema. Watu wakaona ni heshima. Eulalie aliliona hilo kwa macho yake, na siku hiyo alirudi Bagira kabla chakula cha matanga hakijapakuliwa.

Muda wake wa ubalozi ulikuwa unaisha mwezi wa tano wa mwaka uliofuata. Wa kumrithi alikuwa Carine, muuza viatu, mwanamke wa miaka thelathini mwenye kuuliza maswali mpaka watu wanatafuta mlango. Makabidhiano yakafanywa Kamembe, kwenye sale ya mikutano ya Abahuje, vyama vyote viwili vimekaa, Fanta mbele ya kila mtu. Bwana Bruno, mwalimu wa shule ya msingi ambaye ni katibu wa Tusaidiane, alikuja na daftari la règlement, la kanuni za chama. Safari hii, alisema, desturi zote za ubalozi zitaandikwa na kutiwa sahihi, ili mtu asiseme hakuambiwa.

Wakaandika. Kitenge cha ndoa, matanga, ushahidi wa mizigo, kutochuuza siku ya ujumbe. Halafu Bruno akasoma iliyopendekezwa na Abahuje: "Balozi anayeleta habari ya kifo akae kwanza na mfiwa, amchangamshe, amwache amalize kazi yake, ndipo amwambie."

Makofi. Watu wakamgeukia Eulalie.

Eulalie alikuwa amefanya biashara miaka ishirini. Alijua namna ya kukiondoa kitu mezani bila kukigusa. "Ni nzuri," alisema. "Lakini tuiache ya mdomo. Hii ni akili ya mutu, haiandikwi."

"Ya mdomo inapotea," alisema mama mkubwa wa Abahuje.

"Basi tuseme haiangalii Waislamu. Bo banazika siku ile ile."

Maisara alisimama. "Mimi ni Muislamu, na mimi ndiye iliyenifaa. Mama yangu angezikwa tu, nifike nisifike. Lakini mimi ningeanguka mlangoni kwangu. Iandikwe."

"Tungoje basi mwaka ujao, tuipime," Eulalie alisema.

Bruno akainua kalamu. "Maman balozi, hii ni ya kwako. Tunakupa heshima, juu ya nini unaikataa?"

Hapo Carine akanyosha mkono. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anataka kujua kazi yake. "Mimi niko na question. Nitamukalisha mutu muda gani? Dakika kumi? Saa moja? Yaya Eulalie, mukubwa wangu, weye ulikaa na Maman Maisara muda gani?"

"Saa tatu," Eulalie alisema.

"Saa tatu." Carine akaandika mkononi kwake kwa kalamu ya bic. "Na muliongea nini saa tatu nzima?"

Eulalie aliutazama ule mkono ulioandikwa. Aliona siku moja, mwaka huu au ujao, mtu mwingine amekaa anaongeleshwa habari za vitunguu saa tatu, na nyumbani kwao wanatazama mlango. Na safari hiyo hakutakuwa na mtu aliyeiba saa hizo. Itakuwa ni sheria, na sahihi yake iko chini.

"Hatukuongea," alisema. "Nilikuwa ninanunua."

Watu walidhani anatania, wawili wakacheka.

"Nilikuja na magunia chini ya kitenge. Nilikuwa na commande ya hoteli. Nilijua nikisema tu, depo itafungwa. Njo nikanunua kwanza. Sikuogopa tension ya mutu. Sikumuchangamsha mutu. Nilikuwa ninabishana bei, na nilikuwa ninafurahi."

Wale wawili wakaacha kucheka. Maisara alikuwa bado amesimama.

"Magunia mangapi?"

"Kumi na mbili."

"Ule wa zamani."

"Ule wa zamani."

"Na yale maziwa niliyokupa umpelekee."

"Nilikuwa nimeshajua."

Maisara akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei mbaya kwa sababu hana njia nyingine. Alipoongea hakupandisha sauti.

"Mwaka mzima Sumaili ananiita mwenye kazi. Sina jina lingine kwake. Nikifika Nguba anasema, 'Mwenye kazi amekuja, mpeni chai asichelewe.' Shangazi hanipi mkono. Nilikubali. Nilisema, balozi alinifanyia wema, siwezi kumtupa kwa ndugu zangu ili mimi nipone. Ilikuwa ni bei na nikalipa."

"Maisara, ninaomba—"

"Pole yako usiniletee mimi. Ijumaa tunamsomea Mama dua ya mwaka. Mimi nitavuka saa nne. Wewe utakwenda mapema, peke yako, uwaambie wao haya haya, na saa zake. Na mchele tafuta kwingine."

Akakaa, akafungua Fanta yake, hakuinywa.

Bruno alikuwa ameshikilia kalamu hewani. "Na hii article?"

Mama mkubwa wa Abahuje alifikiri. "Futa," alisema. "Andika: balozi aseme akiwa bado amesimama."

Carine akalamba kidole, akafuta mkono wake.

Ijumaa Eulalie aliamka akiwa na sababu saba za kutokwenda, na aliijua thamani ya kila moja. Binti yake ana homa. Angeweza kuandika barua. Angeweza kumtuma Bruno, msomi, apange maneno vizuri. Angeweza kwenda jioni, watu wakiwa wameshiba. Alizipitia moja moja kama magunia, akaona zote zina maji. Tena ubalozi hakuwa nao tena. Hakuna chama nyuma yake, hakuna kitenge cha kubeba mbele. Alishuka kutoka Bagira akafika Nguba saa mbili na nusu.

Sufuria za pilau zilikuwa tayari motoni uani. Sumaili alikuwa getini na kanzu safi, anapanga viti. Alipomwona alitabasamu, kwa nyumba ile Eulalie alikuwa bado mtu mwema.

"Maman balozi, karibu, kaa—"

"Sikai, papa. Siku ile Maisara hakuchelewa. Nilifika kwake saa nne. Nikamuficha mpaka saa saba, juu ya muchele nilitaka kununua. Hakukuwa na mupaka, hakukuwa na kazi ya Maisara. Ni mimi."

Sumaili aliendelea kushika kiti alichokuwa amekishika.

"Saa nne."

"Saa nne."

"Saa sita mungekuwa hapa."

"Ndiyo."

"Tulianza kumuosha saa saba." Alisema hivyo bila hasira, kama fundi anayetafuta mahali saa ilipokwama. Kisha akaita ndani: "Shangazi. Njoo usikie."

Shangazi alikuwa bibi mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, mkono nyuma ya sikio. Aliletewa kiti. Sumaili akamwambia Eulalie, "Rudia."

Eulalie akarudia. Bibi akamtazama mdomo, akatikisa kichwa.

"Hasikii," alisema Sumaili. "Pandisha sauti."

Akapandisha. Barabarani mwanamke mwenye beseni la ndizi alisimama. Wapishi wa pilau uani wakaacha kukoroga. Maneno yaliyokuwa magumu kuyasema mara ya kwanza yalikuwa mabaya zaidi kwa kelele: saa nne, muchele, nilimuficha. Safari hii bibi alisikia. Vidole vyake vikasugua goti.

"Mimi ndiye nilimwosha," alisema. "Haikuwa zamu yangu. Kila nikimwaga kata moja nilikuwa nasimama kidogo, natazama mlango. Nikamwaga pole pole, maji yakaniishia." Akamgeukia Sumaili. "Na huyu mtoto tumemwita nini mwaka mzima?"

Sumaili alitoa simu mfukoni, akatafuta jina la Maisara.

"Simu ya nini," alisema bibi. "Saa nne atakuwa darajani. Nenda ukamngoje pale, umtangulie kumsalimia."

Sumaili alirudisha simu. Alivaa viatu vyake vya kwenda mjini juu ya soksi za nyumbani, akapita getini karibu na Eulalie bila kumgusa na bila kumtazama, akasimamisha moto.

Eulalie akageuka ili aondoke pia.

"Wewe bado," bibi alisema. "Kuna wanawake wawili wa kule jikoni, tulimwosha pamoja. Nao walikuwa wakitazama mlango." Akawaita. Wakaja wakifuta mikono kwenye vitenge vyao, wakasimama mbele ya Eulalie, wakangoja.

"Haya," bibi alisema. "Ulikuwa unanunua nini?"

"Muchele."

"Sema wakusikie."

"Muchele," alisema Eulalie, kwa sauti ambayo hata sokoni hakuwahi kuitumia, na akaanza tena kuanzia saa nne.